Msimamizi anasema mahojiano ni stori tu. Nimfuate nimalize, au nimbishie?

Mkufunzi_Nyanda (mleta mada)

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi.

Mimi ni mkufunzi wa uuguzi na ukunga kwenye chuo kimoja huku Nyanda za Juu Kusini, na sasa nasoma uzamili wa elimu ya taaluma za afya. Nimekwama kwenye pendekezo la utafiti, na ada ya muhula haisubiri.

Jambo lenyewe ni hili. Wanafunzi wetu wa diploma mwaka wa tatu wanafaulu kituo cha patografu (ile chati ya kufuatilia uchungu wa mama) kwenye OSCE, mtihani wa vitendo wa kupita kituo kwa kituo, bila shida. Unampa karatasi ya maelezo ya mama: saa mbili asubuhi njia (mlango wa kizazi) imefunguka sentimita 5, mapigo ya moyo ya mtoto 140, uchungu mara tatu kwa dakika kumi. Anachora vizuri kabisa. Logibuku zao, daftari za kurekodi mazoezi, zimejaa sahihi. Lakini ukienda leba ya hospitali tunakowapeleka kwa mazoezi, patografu nyingi zinajazwa mama akishajifungua. Mtoto ameshafungwa kitenge, ndipo karatasi inatafutwa. Kila mtu analijua hili na hakuna anayeliandika.

Nataka kujua kwa nini. Nilipanga mahojiano ya kina na wanafunzi 14 na wauguzi 6 wa leba. Msimamizi wangu, daktari bingwa, mtu makini na simsemi vibaya, amerudisha rasimu akiwa ameandika pembeni: "Sampuli? Fomula? Nadharia-tete?" Nilipomfuata ofisini akasema mahojiano ni stori tu, nitengeneze dodoso la kupima maarifa, mtazamo na utendaji, halafu nitumie fomula ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli. Darasa lina wanafunzi 86. Nimepiga hesabu, imetoka 71.

Je, nimfuate nimalize? Au kuna namna ya kumweleza bila kuonekana namfundisha kazi? Na kama mahojiano yanafaa, 14 wanatosha? Najua watahini watauliza.

---

Takwimu_Ziwa

Mkuu, mimi mkate wangu ni takwimu, kwa hiyo huenda ulitegemea nimtetee msimamizi wako. Nitamtetea mbele kidogo, siyo kwenye fomula.

Wanafunzi 86, Yamane anakupa 71, maana yake unawaacha 15 nje. Hao 15 wamekukosea nini? Wako darasa moja, unawafundisha wewe. Ukiamua kugawa dodoso, gawa kwa wote na uachane na fomula.

Watu wanaibeba fomula bila kuuliza inajibu swali gani. Ile sampuli ya watu 384 mnayoiona kwenye tasnifu kila kona inatokana na 1.96 kwa kipeo cha pili, mara 0.5, mara 0.5, gawa kwa 0.05 kwa kipeo cha pili. Jedwali la Krejcie na Morgan la 1970 nalo linakomea hapo hapo kwenye 384. Ni hesabu ya swali moja tu: ni asilimia ngapi ya watu wana kitu fulani, nikikubali kukosea kwa pointi tano juu au chini. Wewe hujauliza asilimia ngapi. Umeuliza kwa nini. Hakuna fomula ya kwa nini.

Pamoja na hayo, "patografu nyingi zinajazwa baadaye" ni kauli ya idadi. Nyingi ngapi? Hapo bosi wako yuko sahihi kukubana.

---

Bibi_wa_Leba

Marahaba mwanangu. Nimestaafu, muda ninao, kwa hiyo vumilia urefu.

Nilikuwa mkunga kabla sijawa mwalimu, na baada ya ualimu nimekuwa mtahini wa nje wa tasnifu za aina hii. Mezani kwangu zinakuja za namna mbili. Ya kwanza ni hiyo ya msimamizi wako: "Maarifa, Mtazamo na Utendaji wa Wanafunzi Kuhusu", halafu jaza utakacho. Sura ya nne majedwali, sura ya tano inapendekeza semina. Kila mara semina. Bado nasubiri tasnifu ya dodoso itakayogundua kwamba semina haihitajiki.

Ya pili ndiyo mnayoikimbilia mkiikimbia ya kwanza. Mahojiano kumi na tano, "mada nne ziliibuka kutoka kwenye data", kila mada na nukuu zake mbili. Ukifungua kiambatisho ukatazama mwongozo wa mahojiano, unakuta mada ni yale yale maswali yamegeuzwa vichwa vya habari. Aliuliza kuhusu changamoto, ikaibuka mada inayoitwa changamoto. Braun na Clarke, ambao makala yao ya 2006 kila mtu anaitaja, wenyewe wanakataa huko kuibuka: mada anaijenga mtafiti, na aeleze ameijengaje. Kwa kazi ya namna hiyo msimamizi wako akisema ni stori tu, mimi nakaa upande wake.

Sasa tuingie leba.

Swali lako ni kwa nini mtu anayejua kuchora patografu haichori wakati wake. Lipitishe kwanza kwenye dodoso. Utaandika: "Hujaza patografu kila nusu saa", kisha nakubali sana, nakubali, sijui, sikubali. Mwanafunzi anajua wewe ndiye unayemtungia mtihani. Atatia tiki wapi? Na hata akiamua kusema kweli, watu hatujijui hivyo. Mwaka 2006 Davis na wenzake walichapisha kwenye jarida la JAMA mapitio ya tafiti zilizolinganisha madaktari wanavyojipima wenyewe na wanavyopimwa na wengine. Kati ya ulinganisho 20, 13 ulionyesha uhusiano mdogo, au hakuna kabisa, au mambo yalikwenda kinyume. Hao ni madaktari walio kazini. Halafu unamtaka binti wa mwaka wa tatu ajipime utendaji kwa tiki.

Sasa lipitishe kwenye mahojiano yako. "Kwa nini hamjazi kwa wakati?" Atakujibu watumishi wachache, wazazi wengi, vifaa hakuna. Kweli tupu, na hukuhitaji kibali cha maadili kuyapata; ungeyaandika mwenyewe usiku huu kitandani. Mahojiano ya juujuu nayo ni dodoso, tofauti ni kwamba umelisoma kwa sauti.

Ningekuwa wewe ningeanza na makaratasi. Omba mafaili ya wazazi wa miezi miwili iliyopita na uzikague patografu kama mkunga, usizikague kama karani. Patografu iliyojazwa kweli kwa saa nane ina kalamu mbili tatu, mwandiko wa zamu ya asubuhi na wa zamu ya jioni, na mahali fulani mtu amekosea akakata. Iliyopikwa ina wino mmoja toka juu hadi chini. Mapigo ya mtoto 140, 142, 138, 140, hayatikisiki hata mama akiwa anasukuma. Vipimo vyote vimeangukia saa kamili na nusu. Njia tunapima kila saa nne, lakini hapo utakuta nukta kila baada ya saa moja. Jiulize nani alikuwa anapima, na yule mama alivumiliaje vidole vyote hivyo. Na mstari unapanda sentimita moja kwa saa, sambamba na mstari wa tahadhari, ule wa kuonya kuwa uchungu unachelewa, ambao Philpott na Castle waliuchora kule Rhodesia (sasa Zimbabwe) mwaka 1972, bila kuugusa hata siku moja. Wanawake hawajifungui kwa rula. Linganisha pia saa ya kujifungua iliyo kwenye rejesta na nukta ya mwisho kwenye patografu. Ukimaliza una idadi, na ndugu yangu wa takwimu hapo juu amepata nyingi ngapi yake.

Kisha nenda ukakae leba.

Watu wa elimu ya afya huku kwetu hatukai. Tunagawa karatasi, tunarekodi sauti, tunaondoka. Lakini miaka ya 1950 Howard Becker na wenzake, wanasosholojia wala si madaktari, waliwafuata wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Kansas darasani, wodini, hadi kwenye soga zao, na kitabu chao kikatoka mwaka 1961. Walichokikuta ni kwamba mwanafunzi anafika akitaka kujifunza kila kitu, anagundua haiwezekani, kisha anaanza kuchunguza walimu wanataka nini na kusoma hicho. Dodoso gani lingeliona hilo? Mwanafunzi mwenyewe hajui kama amebadilika.

Ukikaa leba, usitazame mwanafunzi tu. Tazama karatasi tupu zinakaa wapi. Mimi nimewahi kufika hospitali ambako patografu zilifungiwa kabatini, ufunguo uko mfukoni mwa inchaji, na inchaji saa tisa na nusu alasiri ameshapanda daladala. Zamu ya usiku mnawauliza maarifa na mtazamo wao, wakati karatasi hawana! Tazama nani anaruhusiwa kupima njia, na akishapima anamwambia nani. Kuna wauguzi wanapima, wanaandika sentimita kwa kalamu kwenye glovu au kiganjani, na mwanafunzi aliyesimama hapo hajasikia chochote cha kuchora.

Na tazama asubuhi kwenye ripoti. Hili ndilo lililonishughulisha mimi zaidi katika kazi yangu yote. Patografu ya kweli iliyovuka mstari wa tahadhari inaleta maswali: ulimwita nani, saa ngapi, mbona hukuhamisha. Patografu iliyojazwa baadaye haivuki mstari kamwe, na hakuna anayeulizwa. Mwanafunzi akikaa leba wiki mbili anaona ni nani aliyesimamishwa mbele ya watu na kwa sababu gani. Hakuna mwalimu anayemfundisha kupika karatasi; anajifunza mwenyewe kuwa kuandika kweli kunamgharimu mtu. Hafferty na Franks waliandika mwaka 1994 kuhusu mtaala uliofichika katika udaktari, yaani yale mwanafunzi anayojifunza bila kufundishwa, na huo ndio mmojawapo. Inawezekana kwenu sababu ni nyingine kabisa. Ndiyo maana nasema nenda ukaone, usichukue yangu.

Baada ya hapo ndipo uhoji, na swali lako litakuwa jingine: "Jana saa nne usiku, yule mama wa kitanda cha tatu, nilikuona umeshika karatasi ukairudisha mezani. Nini kilitokea pale?" Hapo mtu hakujibu vifaa hakuna.

Kuhusu 14. Usiandike "tulifikia hatua ya data kushiba", yaani hakuna jipya linalosikika tena, kama mtu anayetoka harusini. Hilo neno Glaser na Strauss mwaka 1967 walilitumia kwa maana yao maalumu, ya kujenga nadharia hatua kwa hatua huku ukiendelea kutafuta watu wapya, na wewe hufanyi hivyo. Malterud na wenzake mwaka 2016 walitoa hoja iliyo rahisi kuitetea mbele ya watahini: kadiri swali lako lilivyo jembamba, watu wako wanavyolijua jambo kwa karibu, na mazungumzo yanavyokuwa na kina, ndivyo unavyohitaji watu wachache zaidi. Wanafunzi kumi waliokuwapo kwenye zamu ulizozishuhudia ni bora kuliko thelathini uliowaokota darasani.

Sasa msimamizi. Usimbishie, na hilo neno "kiubora", yaani utafiti wa maelezo badala ya namba, usilitaje kwenye sentensi ya kwanza. Mwonyeshe kuwa OSCE na leba vinapima vitu viwili. Piramidi ya Miller ya 1990 ataikubali, mabingwa wanaipenda: anajua, anajua jinsi, anaonyesha, anatenda. Harden alipoileta OSCE kule Dundee mwaka 1975 alitaka kuona mwanafunzi anaonyesha. Wewe unauliza kuhusu anatenda, na hakuna kituo cha dakika tano kitakachokupa hilo. Halafu mpe hesabu ya mafaili kama sehemu ya kwanza. Mtu wa namba ukimpa namba nzuri anakuachia mlango wa pili.

---

Daktari_wa_Eldoret

Salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Mwalimu, nimefurahia sana, hasa hiyo ya glovu, imenichekesha kwa sababu ni kweli hata kwetu. Lakini nina mambo mawili ya kuuliza.

Moja, huyu jamaa akikaa leba na daftari, si kila mtu atajaza vizuri? Wanamjua ni mwalimu. Sisi tukiwapeleka wanafunzi kwenye jamii, ile siku lekchara anatembelea kituo kila kitu kinang'aa, akienda tu, basi.

La pili ni zito zaidi. Amekaa pale, saa nane za usiku, anaona mama ana uchungu mkali na hakuna aliyesikiliza mapigo ya mtoto kwa saa mbili. Anafanya nini? Anaandika kwenye daftari?

---

Bibi_wa_Leba

Daktari, karibu. La pili kwanza, maana hilo halina mjadala.

Anaweka daftari chini, anachukua fetoskopu. Yeye ni mkunga mwenye leseni kabla ya kuwa mwanafunzi wa uzamili. Na hili lisiwe la kuamuliwa saa nane za usiku. Liandikwe kwenye itifaki anayopeleka kamati ya maadili, kwa maneno wazi: nikiona hatari kwa mama au mtoto nitaingilia, nitamwita muuguzi wa zamu, na tukio nitaliandika kuwa niliingilia. Kamati inayojua kazi yake itamuuliza hilo kabla ya kitu kingine. Na isipomuuliza, aliandike vilevile.

Nao wazazi waombwe ridhaa, jambo ambalo wengi wanalisahau kwa kuwa "utafiti ni wa wanafunzi". Ni mwili wa mama uliolala pale. Usimwombe mtu ridhaa yuko sentimita nane. Waelezwe kliniki ya wajawazito au mara tu wanapolazwa, uchungu ukiwa bado mwepesi, kisha waulizwe tena baadaye kama bado wanakubali.

Sasa la kujaza vizuri wakiangaliwa. Watakufanyia maonyesho zamu ya kwanza, labda na ya pili. Usiku wenye wazazi watano na wauguzi wawili hakuna wa kuigiza, amini. Lakini hebu fikiria wakiendelea kujaza vizuri kila ukiwepo. Umegundua nini? Kwamba wanaweza! Watumishi ni wale wale, wazazi ni wale wale, karatasi zile zile, na patografu imejazwa. Basi sababu ya "hatuna muda" imepungua uzito sana, na una swali tamu la kumuuliza mwanafunzi. Huko kubadilika kwao usikufiche kwenye ukurasa wa mapungufu ya utafiti. Kuandike kwenye matokeo.

Lingine ambalo mleta mada hakulisema: wewe mwenyewe usiwahoji wanafunzi wako. Tafuta mkufunzi wa chuo kingine, au subiri matokeo ya mwisho yatoke na wajue huna tena alama yao mkononi.

---

Takwimu_Ziwa

Bibi, nakuheshimu, lakini nikusukume kidogo maana watahini wa aina yangu watamsukuma.

Umeshakuja na jibu. Umesema patografu ya kweli inaleta maswali asubuhi, ya uongo haileti. Kijana amelisoma na amelipenda. Sasa akienda leba ataliona kila kona. Nikiwa na dodoso mbovu walau mtu mwingine anaweza kurudia hesabu zangu akanikuta nimedanganya. Yeye nitamkamataje?

Na mtu asiniambie "tulitumia NVivo", ile programu ya kupanga maandishi ya mahojiano.

---

Bibi_wa_Leba

NVivo ni kabati. Ukiweka takataka ndani inabaki takataka iliyopangwa.

Swali lako ndilo hasa linalotenganisha kazi nzuri na stori, kwa hiyo nijibu taratibu. Dawa ya kupenda jibu lako ni kulitafutia adui. Kila leba ina muuguzi mmoja anayejaza patografu kwa wakati, hata usiku, hata akiwa peke yake. Mimi nilikuwa naye mmoja, mama mnene mpole, wenzake walimwita Bi Grafu. Mtafute huyo. Kama nadharia yangu ya maswali ya asubuhi ni kweli, yeye anakwepaje? Labda haogopi, ni mkubwa kwa cheo. Labda daktari wa zamu yake anamwamini. Labda anatumia patografu kweli, anamhamisha mama mapema, kwa hiyo asubuhi hana la kujibu. Kila jibu kati ya hayo linaibadilisha nadharia. Mtafiti ambaye hakumtafuta Bi Grafu mimi namfelisha, au walau namrudisha wodini.

La pili, daftari. Aandike alichokiona upande mmoja na anachokifikiria upande mwingine, vikiwa na tarehe, siku ile ile. Mtu akitaka kumkamata, afuate daftari aone wazo liliingia lini na lilibadilishwa na nini. Lincoln na Guba walishalisema hili tangu 1985, kwamba kazi ya namna hii iwe na njia ambayo mkaguzi anaweza kuifuata nyuma.

La tatu, wale watu wawili wa kuweka alama kwenye maandishi halafu mkakokotoa kapa (kipimo cha makubaliano yao) na kutangaza wamekubaliana. Kwa mahojiano sishauri. Watu wawili waliofundishwa kuona kitu kimoja wakakiona, umepima mafunzo yao tu. Mpe mtu wa pili nakala asome na akubishie. Ukishindwa kumjibu, rudi kwenye data.

Na zile orodha za ukaguzi wa ripoti za tafiti za mahojiano, kama COREQ yenye vipengele 32, jaza kwa sababu jarida litaitaka. Lakini Barbour alionya kwenye jarida la BMJ mwaka 2001 kwamba orodha zinaweza kuwa mkia unaomtikisa mbwa, na nimeshauona mkia huo. Kila kipengele kimetiwa tiki na utafiti hausemi kitu.

Nikurudishie na wewe, mwana takwimu. Nyie mnaopenda kupima kabla na baada, mnafundisha patografu siku moja, mtihani asubuhi, mtihani ule ule jioni, alama zinapanda, p iko chini ya 0.05, mnasema si bahati tu. Ni somo gani duniani ambalo lingeshindwa mtihani huo? Ningesoma kitabu cha simu asubuhi, jioni ningekuwa nimepanda.

---

Takwimu_Ziwa

Hahaha, hapo umenipata. Nakubali, na nakuongezea silaha. Cook, Bordage na Schmidt mwaka 2008 walikagua makala 105 za majaribio katika elimu ya udaktari. Asilimia 72 zilikuwa za kuonyesha kwamba kitu kinafanya kazi. Zilizouliza kinafanya kazi vipi na kwa nini zilikuwa asilimia 12 tu. Kwa hiyo mleta mada, swali lako liko upande wenye njaa. Liweke kwenye utangulizi, msimamizi ataona ni pengo lenye tarakimu.

Na kwa wanaotaka dodoso bado: alfa ya Cronbach, ile namba mnayoitoa kuthibitisha dodoso, ikiwa 0.8 haisemi dodoso lako ni sahihi. Inasema maswali yako yanakwenda pamoja. Maswali kumi ya uongo yanaweza kwenda pamoja vizuri sana.

Jambo moja ambalo hakuna aliyeligusa: wanafunzi watano walio chini ya muuguzi mmoja kwenye zamu moja usiwahesabu kama watu watano huru. Tabia yao inatoka kwa mtu mmoja. Ukichambua mafaili, andika zamu na wodi ya kila faili, la sivyo utadhani una ushahidi mwingi kuliko ulio nao.

---

Mkufunzi_Nyanda (mleta mada)

Asanteni sana wote, na Mama Bibi, shikamoo mara ya pili.

Nimeandika upya. Swali sasa linasomeka: ni mazingira gani ya kazi leba yanayomfanya mwanafunzi anayeweza kuchora patografu aijaze kwa wakati, aijaze baadaye, au asiijaze kabisa? Sehemu ya kwanza mafaili, ya pili kushuhudia zamu, usiku zaidi kuliko mchana, ya tatu mahojiano juu ya matukio niliyoyaona, yakifanywa na mwenzangu wa chuo kingine. Wauguzi wanaojaza kwa wakati nimewawekea aya yao. Niliingiza na ile piramidi.

Msimamizi amesoma nikiwa nimekaa hapo hapo. Sehemu ya pili na ya tatu hakusema neno, ameandika tu "fafanua maadili". Kwenye mafaili amezungushia duara na kuandika: "NGAPI?" Kwa herufi kubwa kabisa.

Hospitali inazalisha takriban watu 300 kwa mwezi. Takwimu_Ziwa, naomba unisaidie hapo kabla sijarudi kwake Jumatatu.

---

Takwimu_Ziwa

Hilo sasa ni swali lenye fomula, na anastahili kujibiwa.

Miezi miwili ni mafaili kama 600. Chukua rejesta ya wazazi, anza kwenye namba uliyoipata kwa bahati nasibu kati ya 1 na 4, kisha kila la nne. Utapata 150 hivi. Ukikuta nusu ya patografu zimejazwa baadaye, kadirio lako litakuwa na nafasi ya kukosea kama pointi 7 juu au chini, ukishazingatia kuwa 600 ni kundi dogo. Kwa kazi yako inatosha. Ukitaka kulinganisha usiku na mchana kwa nguvu zaidi, ongeza ya usiku. Faili lisilo na patografu usiliruke ukachukua la jirani. Kutokuwepo kwake ni jibu.

Vigezo vya "imejazwa baadaye" viandike kabla ya kufungua faili la kwanza: wino mmoja kuvuka zamu mbili, nukta ya njia kila saa, hayo aliyoyataja Bibi. Amua vingapi vikitimia ndipo unaihesabu. Hapa, na hapa tu, watu wawili wakague mafaili yale yale bila kuonyeshana na ukokotoe kapa, kwa kuwa wino ni mmoja au si mmoja.

Fomu yako ya ukaguzi ijaribu kwanza kwenye mafaili 20 ya mwezi ambao hautauingiza kwenye utafiti.

---

Bibi_wa_Leba

Na hayo mafaili usiyaombe kwa barua tu. Nenda mwenyewe kwa mtu wa masjala, mapema, kabla hajaanza kutafuta kadi za wagonjwa wa nje. Mengine yatakuwa yamepelekwa kwenye kikao cha vifo vya uzazi na hayajarudi. Hayo ndiyo usikubali kuambiwa hayapo.